Kavisi kadogo ka turbo: kabla ya kukakaza, soma hii kwanza



Leo sitaandika juu ya mihogo wala juu ya bustani. Nitaandika juu ya visi moja ndogo ya gari, unaweza kuifunika na kidole gumba. Sababu ya hiyo visi, mimi na wenzangu watatu tulipoteza akiba ya mwaka mzima na magunia ya mpunga juu yake.

Mnajua namna tunavyoanza. Mutu anamaliza licence, kazi hakuna, anakutana na wenzake, kila mmoja analeta kidogo alicho nacho. Sisi tulinunua pikapu ya zamani ya mazuti, yenye turbo, ili tuwe tunachukua mpunga na makemba kwenye barabara ya Banalia na kuleta Kisangani. Gari tupu ilikuwa inakimbia vizuri. Ikipakia, kwenye kila mlima inachoka kama mzee. Tukaenda kwa mekanisye mmoja. Akasema: "Nitawafungia kavalvu fulani ku tiyo ya turbo, nikaze kavisi, gari itakuwa simba." Akafunga. Akagusa pia pompi ya mazuti. Wiki mbili kweli ilikuwa simba. Wiki ya tatu, katikati ya msitu, maji yakaanza kuchemka, moshi mweupe ukatoka nyuma, gari ikalala. Joint ya kichwa cha moteri ilikuwa imekufa. Tulikaa pale siku nne, mvua inapiga. Mpunga ukalowa, ukaanza kuota ndani ya magunia. Mimi mwana-agronomia nikabaki kuangalia mbegu zinaota fasi ambayo hakuna mutu amepanda.

Baada ya hapo nikaamua kuelewa. Niliyoyaelewa ni haya.

1. TURBO INAFANYA NINI

Moteri inapumua kama sisi. Inavuta hewa, inaibana, mazuti inaingia, inaungua, pistoni inasukumwa. Mazuti inayoweza kuungua vizuri inategemea hewa iliyo ndani. Hewa kidogo, nguvu kidogo.

Mwaka 1905, mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza kwa wazo moja la akili: moshi unaotoka kwenye moteri bado una nguvu, kwa nini tuutupe bure? Moshi unazungusha gurudumu moja lenye mapanga. Kwenye fimbo ileile kuna gurudumu la pili, lenyewe linachukua hewa ya nje na kuisukuma ndani ya moteri. Hiyo njo turbo. Fimbo yake inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Hewa inayotuzunguka hapa ina mgandamizo wa karibu bar 1. Turbo ikiongeza bar 0.6 juu yake, silinda inapata hewa nyingi kuliko ile ingevuta yenyewe.

Lakini ona hatari. Hewa zaidi inaruhusu mazuti zaidi. Mazuti zaidi inaleta moshi zaidi. Moshi zaidi unazungusha turbo mbio zaidi, na turbo inaleta hewa zaidi tena. Ukiacha mzunguko huo bila mlinzi, moteri inajiua yenyewe.

Kwa hiyo kiwanda kiliweka mlinzi. Kando ya gurudumu la moshi kuna mlango mdogo. Mlango huo unashikwa na kakopo ka chuma, ndani yake kuna ngozi ya mpira na resori. Tiyo ndogo inatoka upande wa hewa ya turbo na kuingia kwenye kale kakopo. Mgandamizo ukifika kiwango kilichopangwa, unasukuma ngozi, unashinda resori, mlango unafunguka, na sehemu ya moshi inapita nje bila kugusa turbo. Turbo inatulia.

2. KAVISI KANAMDANGANYA MLINZI

Kavalvu ka kurekebisha kwa mkono kanafungwa kwenye ile tiyo ndogo, kati ya turbo na kakopo. Kako na aina mbili.

Aina ya kwanza inavujisha. Visi inafungua katundu kadogo, sehemu ya hewa inatoka nje kabla ya kufika kwa mlinzi. Kama turbo iko na bar 0.9, mlinzi anasikia 0.6 na kusema bado. Ukifungua visi zaidi, unadanganya zaidi.

Aina ya pili iko na kagololi kanakosukumwa na resori. Hewa haipiti kabisa mpaka mgandamizo ushinde ile resori. Hapa kazi ni kinyume: ukikaza visi, resori inabanwa, mgandamizo unapanda. Watu wengi wanapenda aina hii kwa sababu mlango wa moshi unabaki umefungwa mpaka dakika ya mwisho, turbo inaamka haraka.

Visi mbili zinafanana, lakini kwenye moja unafungua ili upandishe, kwenye ingine unakaza ili upandishe. Mutu akikwambia "zungusha nusu tu", muulize kwanza ni aina gani.

Na jambo hili lishikeni sana: tiyo ikipasuka au ikichomoka kati ya kavalvu na kakopo, mlinzi hasikii kitu chochote. Mlango haufunguki. Mgandamizo unapanda bila mtu wa kuuzuia. Kwenye barabara zetu, na joto na mtikisiko, tiyo ya mpira ya bei ndogo haikai muda mrefu.

3. PIPA LA LIEBIG NDANI YA MOTERI

Wale wa agronomia mnakumbuka sheria ya kiwango cha chini, ile Carl Sprengel alifundisha na Justus von Liebig akaieneza katika karne ya 19. Mmea haukui kwa kufuata kitu kilicho kingi, unakua kwa kufuata kile kinachokosekana. Tunaichora kama pipa la mbao: maji yanamwagika kwenye ubao mfupi kuliko zote. Ukimwaga azoti fasi fosfori ndiyo inakosekana, umetupa pesa.

Moteri ni hivyohivyo. Kwenye moteri ya mazuti ya zamani, ukiongeza hewa peke yake, bila kuongeza mazuti, nguvu haipandi sana. Ndiyo maana mekanisye wetu aligusa pompi. Na hapo njo shida ilianza, juu mazuti zaidi ni joto zaidi. Kavisi ka hewa na visi ya pompi vilipanda pamoja, lakini ubao mfupi wa pipa letu ulikuwa radiata iliyojaa matope na joint ya zamani. Pistoni ni za alumini, na alumini safi inayeyuka kwa digrii 660. Sisi tulikuwa na bahati, ilikufa joint tu.

Kwenye gari ya esansi, hatari ni ingine. Ndugu zetu wa Nairobi na Kampala wanaopenda Subaru za turbo wanaijua. Ukizidisha mgandamizo, esansi inaweza kulipuka yenyewe ndani ya silinda mbele ya wakati wake. Unasikia mlio kama misumari ndani ya kopo. Mlio huo unavunja pistoni. Esansi yenye oktani ndogo inalipuka hivyo upesi zaidi. Sasa fikiria esansi ya chupa, ile tunanunua kwa Kadhafi pembeni ya barabara. Nani anajua oktani yake? Nani anajua imechanganywa na nini?

4. KUTOKA MTONI MPAKA MILIMANI

Kisangani iko karibu metre 400 juu ya bahari. Ukifuata barabara ya Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, kisha ukishuka Beni na kupanda Butembo, unafika juu ya metre 1,700. Kule hewa iko na mgandamizo mdogo kwa karibu asilimia 15. Gari inapungua nguvu, dereva anasema turbo imeharibika, anakaza visi. Ile turbo inalazimika kuzunguka mbio zaidi ili kufikia namba ileile. Halafu anarudi Kisangani na visi imekazwa, hewa ni nzito, na hakumbuki kuilegeza. Visi ya mkono haijui mlima wala mto. Inabaki pale ulipoiacha.

5. BASI TUFANYE NINI?

Sisemi kavisi ni uchawi. Mutu anayejua, mwenye vipimo, anaweza kukatumia. Lakini ninyi mnaotaka kununua gari ya kazi, fuateni mpango huu:

– Kabla ya kuongeza, tafuteni kilichopungua. Filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu, tiyo kubwa ya turbo iliyopasuka, filta ya mazuti yenye maji: vyote vinaifanya gari ichoke kwenye mlima. Baada ya kufungua moteri yetu, tulikuta tiyo kubwa ya hewa imepasuka upande wa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa ugonjwa wa kwanza. Bei yake na bei ya moteri si sawa hata kidogo.

– Manometa kwanza, visi baadaye. Bila saa ya kupima mgandamizo, na bila kipimo cha joto la moshi kwa gari ya mazuti, mutu anayekaza anakisia tu, na moteri ni yako.

– Mekanisye akifunga kitu, akueleze ni aina gani, namba ilikuwa ngapi mbele, na itakuwa ngapi nyuma. Andikeni. Kama hataki kusema namba, chukueni funguo yenu.

– Angalieni pia kama munahitaji turbo. Land Cruiser za moteri ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, zilitoka kiwandani bila turbo. Zinapanda polepole, lakini hazina mlinzi wa kudanganywa, na kwenye barabara mbaya upole huo ni faida.

– Punguzeni mzigo. Magunia matano yanayobaki yatachukuliwa safari ya pili. Yetu hayakuwa na safari ya pili.

Gari yetu ilitengenezwa, tukaiuza, tukalipana. Mmoja kati yetu wanne hatusalimiani vizuri mpaka leo, juu yeye alikuwa amesema tusikaze, na sisi tulimcheka. Kama anasoma hapa: ulikuwa na haki, ndugu yetu.

Tuko pamoja.