Mipaka ya kujihami na mashtaka ya mauaji

Haki ya kujihami imo katika kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, pamoja na vifungu vya 18A, 18B na 18C. Mtu anaruhusiwa kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali, iwe yake au ya mwingine. Kifungu cha 18B kinaweka sharti: nguvu iwe ya kadiri, ile tu inayohitajika kuzuia hatari iliyopo. Anayeua kwa kupitiliza kadiri hiyo ana kosa la kuua bila kukusudia.

Kifungu cha 18C ndicho kinachogusa kifo chenyewe. Aliyeua hana hatia ikiwa aliamini kwa dhati, tena kwa sababu za msingi, kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kujinusuru: amevamiwa kwa namna ya kutishia uhai, mtu anataka kubaka au kuteka, au wanyang'anyi wamevunja nyumba.

Tuseme mwenye kibanja, yaani shamba la migomba, huko Muleba anasikia usiku mikungu ya ndizi ikikatwa. Anatoka na panga, mwizi anamrukia na mundu, naye anampiga. Hapo sheria iko upande wake. Lakini mwizi akitupa mkungu na kukimbia, kisha akafukuzwa hadi barabarani na kukatwa kisogoni, hatari ilikwisha kupita. Pigo hilo ni adhabu, na kuadhibu ni kazi ya mahakama peke yake. Majirani waliokuja kuitikia yowe la mwenye kibanja wakashiriki kumpiga mwizi nao wanaweza kushtakiwa pamoja kwa mauaji.

Shauri la mauaji huanzia mahakama ya chini, ambako mshtakiwa hatakiwi kujibu shtaka. Upelelezi ukikamilika, jalada la shauri kama hilo la Muleba huhamishiwa Mahakama Kuu Bukoba. Huko mshtakiwa husomewa shtaka, na asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama ya serikali. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, hutangulia kuleta mashahidi, ripoti ya daktari aliyechunguza mwili na ramani ya eneo la tukio. Jaji hutazama aina ya silaha, idadi ya majeraha, sehemu ya mwili iliyolengwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio.

Mshtakiwa anayedai alijihami habebeshwi mzigo wa kuthibitisha. Ni Jamhuri inayopaswa kuonyesha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba hakuwa akijihami. Shaka ikibaki, inamfaidi yeye.

Matokeo ni matatu. Kujihami kukikubaliwa, mshtakiwa huachiwa huru. Nguvu ikiwa imezidi, hutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni kifungo cha maisha na jaji anaweza kutoa pungufu. Ikithibitika kuwa aliua kwa kukusudia, sheria imeweka kunyongwa hadi kufa, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake Bukoba pia.