Je, Wajua? Umeme Nao Huchafuka

Jenereta mbili za bwawa la Mtera nchini Tanzania, zenye uwezo wa megawati 80 kwa jumla, hutoa umeme ambao wimbi lake ni laini na hujirudia mara 50 kwa sekunde. Wanaolichafua ni wateja. Chaja ya simu kwenye banda la samaki pale bwawani haivuti umeme mfululizo: huugugumia wimbi linapofika kileleni, kisha hutulia. Mikupuo hiyo huzaa mawimbi mengine ya mizunguko 150, 250, 350 na kuendelea, yaitwayo hamoniki, nayo hurudi kwenye gridi. Chaja moja si kitu. Shida ni mota kubwa za viwandani na migodini zinazobadilishwa kasi kwa elektroniki.

Je, wajua kwamba waya wa nyutro unaweza kubeba mkondo mkubwa kuliko waya za moto? Kwenye umeme wa njia tatu, mikondo ikilingana hufutana katika nyutro. Ile ya mizunguko 150 haifutani, bali hujumlishana. Jengo lililojaa kompyuta linaweza kuunguza nyutro bila fyuzi hata moja kukatika. Fundi anayebana matumizi kwa kuweka nyutro nyembamba anatafuta balaa.

Kiwango cha IEEE 519 cha taasisi ya wahandisi wa umeme, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, kinataka hamoniki kwenye volti zisizidi asilimia 8 chini ya kilovolti 1. Juu ya kilovolti 161, kama kwenye njia ya kilovolti 220 ya Mtera, ni asilimia 1.5 tu. Kipimo huchukuliwa pale mteja anapoungana na mtandao. Yaliyo ndani ya geti ni yake mwenyewe. Njia moja ya kupona ni kulisha mitambo kwa transfoma mbili ambazo mawimbi yake yamepishana nyuzi 30: hamoniki za 5 na za 7, yaani zile za mizunguko 250 na 350, huuana zenyewe. Mimi naiona nzuri kuliko chujio lolote.

Na treni ya reli ya kisasa, SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024? Hiyo ina shida ya namna nyingine. Waya wake wa kilovolti 25 ni wa njia moja, ilhali gridi ni ya njia tatu. Ili mzigo usielemee upande mmoja, reli za namna hii hulishwa kwa vipande vinavyopokezana njia. Kati yao huachwa kipande kisicho na umeme, na treni hukipita kwa kasi iliyokuwa nayo.