Kisima kilichokatazwa

Vijana wa Musumba wanaokwenda Kolwezi kutafuta kazi wanatuuliza: kisima kina maji meupe, tena baridi; kwa nini tunakatazwa kuyanywa? Inatupasa kujibu vizuri, kwa sababu watu wengi wanamusikiliza katekista mbele ya kumusikiliza munganga.

Katika viwanda vya shaba na kobalti mawe yanasagwa, kisha yanatiwa asidi. Mabaki yakitupwa bila ulinzi, mvua inashusha sumu yake chini hata inafika kwenye maji ya visima. Katika mwaka 2012 wanahabari wa Uingereza walionyesha maji ya asidi yakitoka kiwanda cha Luilu na kuingia katika muto.

Tuangalie kosa moja. Tumefundisha watu kutokosha maji, na ni vema: moto unaua vijidudu. Lakini moto hauondoi shaba wala risasi. Maji yanapunguka, sumu inabaki. Basi tusiwaambie watu watokoshe maji hayo, tuwaambie wayaache.

Na Ubatizo? Kama ni maji ya kweli, Ubatizo ni halali; lakini kanuni za Kanisa zinataka pia maji yawe safi. Tuchote pengine.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si', mwaka 2015, ya kwamba maji safi ni haki ya kila mutu. Anayefunga kisima cha maskini bila kumupa maji mengine anamuacha achague kati ya kiu na sumu. Tuwaambie wakubwa neno hilo bila woga.