Msiba Unapoingia Nyumba Yenye Mtoto wa Usonji

Msiba ukitokea, nyumba hugeuka ndani ya saa chache. Makochi yanatolewa sebuleni, mikeka inatandikwa, turubai linafungwa uani, na watu ambao mtoto hajapata kuwaona wanalala hadi kwenye korido. Kwa mtoto mwenye usonji, vurugu hiyo inamfika pamoja na pigo lenyewe: babu hayupo.

Daktari Leo Kanner, aliyeandika kuhusu watoto 11 wenye hali hii huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, anasimulia mmoja aliyepagawa siku ya kuhama, alipoona wapagazi wakikunja zulia la chumbani mwake. Hakutulia mpaka alipofika nyumba mpya na kukuta vyombo vyake vimepangwa vilevile kama zamani. Akawa anapita akivipapasa kimoja kimoja.

Ndiyo maana nasema chumba cha mtoto huyu kisiguswe, hata wageni wakiwa wengi namna gani. Kikombe chake kibaki chake, na chai yake saa ileile.

Wengi wetu humpeleka kwa shangazi mpaka matanga yaishe, asisumbue. Nia ni njema, lakini hapo tumemwongezea kitanda kigeni juu ya yote yaliyompata. Afadhali abaki, apewe ndugu mmoja asiye na kazi ya kupakua wala kupokea wageni, wa kumtoa nje vilio vikizidi.

Na kila jambo aonyeshwe kabla. Walimu wa mpango wa TEACCH, ulioanza North Carolina mwaka 1972, humpangia mtoto siku yake kwa picha. Nyumbani karatasi na kalamu vinatosha: turubai, jeneza, gari, makaburini, kurudi, chai. Akikataa kwenda kuzika, asiburutwe.

Aambiwe wazi kwamba babu amekufa na hatarudi. Ukimwambia amelala, huenda akaogopa kitanda. Ukisema amesafiri, atamngoja mlangoni.

Huenda asilie. Wapo wanaonong'ona kwamba hana uchungu, na maneno hayo humwumiza mama sana. Uchungu wake unaweza kuja hata baada ya arobaini, kwa kukosa usingizi au kugoma kula, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba chanzo ni msiba.

Kama babu ndiye aliyekuwa akimsindikiza shule, mwonyeshe mapema picha ya mjomba atakayempeleka, kisha Jumapili wapite wote wawili njia ileile ya babu, hata kama ipo ya mkato.