MATEGE: UGONJWA WA MIFUPA LAINI KWA WATOTO

Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo utege sikio. Na kama wewe ni baba, nyanya au yaya unayebaki na mtoto nyumbani, mazungumzo ya leo ni yako pia.

Leo tunazungumzia ugonjwa unaolegeza mifupa ya watoto. Wengi tunauita matege, kwa sababu ya miguu inayopinda. Madaktari wanauita rikets. Huwapata hasa watoto wadogo, kwa sababu huo ndio umri ambao mifupa inakua haraka. Kabla hatujaenda mbali, shika neno hili moja: matege ya aina hii yanatibika, na mtoto akiwahishwa hospitali, mara nyingi miguu hunyooka bila kupasuliwa. Kinachowaumiza watoto wetu ni kuchelewa.

Je, matege husababishwa na nini?

Fikiria fundi anayejenga ukuta wa mawe. Mawe yapo, lakini simiti ni kidogo. Ukuta utapanda, lakini ukiwekewa uzito utainama. Mfupa wa mtoto ni hivyo hivyo. Simiti ya mfupa ni madini yanayoitwa kalsiamu, ambayo tunayapata katika chakula. Lakini kalsiamu haiingii mwilini yenyewe. Inahitaji vitamini D, ambayo ndiyo inayousaidia utumbo kuichukua kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikikosekana, au vitamini D ikikosekana, au vyote viwili, mfupa unabaki laini. Mtoto akianza kusimama, uzito wake mwenyewe unaupinda.

Vitamini D inapatikana kidogo sana katika vyakula vyetu vya kila siku. Sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe inapopigwa na jua.

Sasa utaniuliza, "Kenya iko kwenye ikweta, jua tunalo mwaka mzima, mtoto wangu atakosaje?" Swali zuri. Jua kuwa juu ya paa ni jambo moja, na jua kumgusa mtoto ni jambo lingine.

Katika karne ya 17, ugonjwa huu ulijulikana sana Uingereza, na baadaye ukaenea katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi wa makaa ya mawe ulifunika anga na watoto waliishi katika vichochoro vyembamba. Mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin, Ujerumani, alionyesha kwamba watoto wenye matege walipona walipomulikwa kwa taa yenye miale kama ile ya jua. Leo hatuna moshi ule, lakini tunavyo vichochoro. Tazama mitaa yetu ya Nairobi yenye ghorofa zilizobanana. Chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na taa inawashwa mchana. Mama anatoka alfajiri kwenda kazini, mtoto anashinda ndani na yaya au katika kituo cha kulelea watoto, na anachukuliwa jua likiwa limezama. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi kuhusu watoto wa Kibera waliopatikana na ugonjwa huu huu. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu, wala si wa zamani.

Hata wanyama huugua hivyo. Unamjua kinyonga mwenye pembe tatu, yule anayeishi katika miti na bustani za nyanda zetu za juu? Huku kwetu anaota jua na kula wadudu, na mifupa yake ni imara. Lakini huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaomfuga ndani ya nyumba. Akikosa miale ya jua, na wadudu anaolishwa wakiwa na kalsiamu kidogo, miguu yake hupinda, taya hulegea, na hushindwa kushika tawi. Daktari wa mifugo humpa kalsiamu na kumwekea taa maalumu. Na kioo hakimsaidii, kwa sababu miale inayotengeneza vitamini D huzuiliwa na kioo. Vivyo hivyo, mama, mtoto anayeota jua nyuma ya kioo cha dirisha anapata joto tu.

Ni watoto gani walio hatarini zaidi?

Ni mtoto anayeshinda ndani ya nyumba. Ni mtoto anayefunikwa mwili mzima kila anapotolewa nje. Ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ni mtoto ambaye mama yake alikosa jua wakati wa ujauzito, kwa sababu mtoto huanza maisha na akiba anayoipata kwa mama. Na ni mtoto anayelishwa uji mweupe wa mahindi na chai ya rangi, bila maziwa, bila omena, bila mboga.

Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo. Lakini tafadhali nisikilize vizuri: hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha. Mnyonyeshe mtoto maziwa yako pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha umwongezee chakula huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Vitamini D anaweza kuipata kwa jua na kwa dawa ya matone.

Dalili ni zipi?

Usingoje miguu ipinde. Dalili nyingine huja mapema:

1. Mtoto anachelewa kukaa, kusimama au kutembea, au alikuwa anatembea akaacha.
2. Vifundo vya mikono na vya miguu vinakuwa vinene, kama vimevimba.
3. Ukipapasa mbavu mbele ya kifua, unasikia vinundu vilivyojipanga kama shanga.
4. Paji la uso linatokeza mbele, na utosi unachelewa kufunga.
5. Meno yanachelewa kuota.
6. Mtoto ni mlegevu, analialia, na hataki kuguswa kwa sababu mifupa inamuuma.
7. Anapata nimonia mara kwa mara, kwa kuwa mbavu laini na misuli dhaifu hazimsaidii kupumua vizuri.
8. Miguu inapinda kwa nje kama upinde, au magoti yanagongana.

Iko dalili moja ya hatari sana, nayo ni degedege. Kalsiamu ikishuka sana katika damu, mtoto hukakamaa na kutetemeka, hata kama hana homa. Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na mkimbize hospitali mara hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Je, kila mguu uliopinda ni ugonjwa?

Hapana. Watoto wengi huzaliwa na miguu iliyojikunja kidogo, nayo hunyooka wakifika miaka miwili hivi. Kisha wakiwa na miaka mitatu au minne, magoti hukaribiana, na hujirekebisha kufikia miaka saba. Hiyo ni kawaida. Lakini ukiona miguu inazidi kupinda, au mguu mmoja tu ndio uliopinda, au bado imepinda baada ya miaka miwili, au kuna dalili nyingine tulizotaja, mpeleke mtoto akaangaliwe. Mwenye kutofautisha ni daktari, si jirani.

Na tuondoe lawama. Matege hayaletwi na kumbeba mtoto mgongoni. Hayaletwi na nepi. Si laana, si mwiko uliovunjwa na mama wala baba. Maneno hayo yamewafanya akina mama wengi kuwaficha watoto ndani ya nyumba, na kumficha ndani ndiko kunakomzidishia ugonjwa.

Hospitali watafanya nini?

Daktari atampima mtoto, atakuuliza anakula nini na anashinda wapi. Anaweza kuagiza eksirei ya kifundo cha mkono au ya goti, na kupima damu. Ikithibitishwa, mtoto hupewa vitamini D pamoja na kalsiamu. Matibabu huchukua angalau miezi mitatu. Uchunguzi uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wa huko waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kwa hiyo usichague dawa moja ukaacha nyingine.

Maumivu na ulegevu hupungua kwanza. Miguu hunyooka polepole kadiri mtoto anavyokua, pengine kwa mwaka au zaidi. Usikate tamaa na usiache dawa kwa sababu hujaona miguu ikibadilika. Rudi kliniki siku uliyopangiwa. Wako watoto wachache ambao matege yao yanatokana na figo au yamerithiwa. Hao dawa za kawaida haziwasaidii, nao huhitaji daktari bingwa.

Mtoto asipotibiwa, miguu inaweza kubaki imepinda na kuhitaji upasuaji. Na kwa msichana kuna jambo zaidi. Mifupa ya nyonga ikikomaa vibaya, njia ya uzazi huwa nyembamba, na siku atakapojifungua, maisha yake na ya mtoto wake yatakuwa hatarini. Kumtibu leo ni kumlinda miaka ishirini ijayo.

Mambo ya kutofanya

Usimfunge mtoto miguu kwa vijiti au bandeji ili inyooke. Usimkande kwa nguvu, kwa maana mfupa laini huvunjika upesi. Usimchanje. Usimnunulie dawa za mifupa zinazouzwa ndani ya matatu au sokoni. Wala usiongeze kipimo cha vitamini D ukidhani atapona haraka, kwa sababu ikizidi huharibu figo.

Tutazuia vipi?

La kwanza ni jua. Mtoe mtoto nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa na macho ukivikinga. Anza na dakika chache, ongeza polepole hadi nusu saa hivi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kidogo kuliko nyeupe. Jua la alfajiri ni dhaifu mno kwa kazi hii. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu sana, bado. Kikikaribia kulingana na urefu wako, kama saa tatu na nusu asubuhi, ndio wakati mzuri. Usimweke kwenye jua kali la adhuhuri. Mtoto mwenye ualbino usimwanike juani hata kidogo, muulize muuguzi akupe njia nyingine.

Ukiishi ghorofani, tumia roshani, paa lenye ukuta wa kukinga, au uwanja wa ploti. Mama anayevaa buibui naye anaweza kupata jua uani, mahali pa faragha. Ukienda kazini, mwambie yaya waziwazi: "Mtoto atoke nje kila siku." Na unapomchagulia mtoto kituo cha kumlelea, uliza kama kina mahali pa kuchezea penye jua.

La pili ni chakula. Wimbi lina kalsiamu nyingi: gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300, na unga wa mahindi wa uzito huo huo haufiki 20. Changanya wimbi katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, na uji uliochachushwa ni bora zaidi. Omena huliwa na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Ioshe, ikaushe, itwange iwe unga laini, na utie kijiko kimoja kwenye chakula chake. Aliyepita mwaka mmoja mpe maziwa, au maziwa lala, kikombe kila siku ukiweza. Sukuma wiki, maharagwe na simsim pia husaidia.

La tatu ni kliniki. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi wamekubaliana kwamba mtoto apewe vitamini D yuniti 400 kila siku tangu kuzaliwa hadi atimize mwaka mmoja. Muulize muuguzi kuhusu matone hayo. Na mama, usiache kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Wakati huo mtoto anaanza kusimama, na ndipo matege huanza kuonekana. Endelea kumpeleka apimwe uzito na urefu mpaka miaka mitano, na umwonyeshe muuguzi miguu na vifundo vyake.

Kwa ufupi, msikilizaji, kumbuka haya:

Mtoto aguswe na jua, lisipite kwenye kioo.
Sahani yake iwe na wimbi, omena, maziwa au mboga.
Ukiona vifundo vinene, kuchelewa kutembea au miguu inayozidi kupinda, nenda kituo cha afya wiki hii.
Degedege ni hospitali sasa hivi.

Na ukimjua jirani aliyemfungia mtoto ndani kwa kuona haya, usimcheke. Mwambie ulichosikia leo, kisha msindikize kliniki.