Kilima Kisicho na Anwani

Aliyewahi kukodi kompyuta kwenye kafe ya intaneti, Kariakoo au River Road, miaka ya 2000, anakijua kile kilima: nyasi mbichi, anga ya buluu, mawingu machache meupe. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hata nguzo ya umeme hamna. Picha hiyo ilikuja na Windows XP mwaka 2001, na wengi wetu tuliamini imechorwa na mashine.

Kumbe kilima kipo, kando ya barabara katika kaunti ya Sonoma, California. Charles O'Rear, mpiga picha aliyefanya kazi miaka mingi na jarida la National Geographic, alikipita Januari 1996 akienda kumwona mchumba wake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Akaegesha gari, akasimamisha kamera yake ya Mamiya RZ67, akapiga picha chache kwa filamu ya Fuji Velvia, inayosifika kwa kukoleza rangi, kisha akashika njia yake. Siku nyingine asingeziona nyasi zile, maana huko ni mashamba ya mizabibu. Filoksera, mdudu anayefyonza mizizi, alikuwa amewashinda wakulima, mizabibu ikang'olewa, nyasi zikapata nafasi. Kwa hiyo kilichotupumzisha macho kilikuwa hasara ya mkulima. Wasanii wa Goldin+Senneby walipokwenda kupiga picha papo hapo mwaka 2006, mizabibu ilikuwa imesharudi, imepangwa safu kwa safu.

Hakuna aliyekuwa ameiagiza picha hiyo. O'Rear aliiweka Westlight, kampuni iliyotunza picha na kuuza leseni za kuzitumia. Mwaka 1998 Westlight ilinunuliwa na Corbis, kampuni ya Bill Gates, na mwaka 2000 Microsoft ikataka haki zote. Bei ni siri mpaka leo, ila ilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni za kusafirisha vifurushi ziliogopa kuibeba filamu yenyewe, na O'Rear akakatiwa tiketi ya ndege aipeleke mwenyewe.

Bahati ya namna hiyo haipo tena. Tangu iStockphoto (2000) na Shutterstock (2003) zifungue mlango kwa kila mwenye kamera, leseni moja huweza kumwingizia mpiga picha senti tu. Lakini mnunuzi hajabadilika. Anataka nafasi tupu ya kuweka maandishi yake, asione nembo ya kampuni, na kama kuna sura inayotambulika katika tangazo, awepo mtu aliyetia saini ya ridhaa. Hata mnara wa Eiffel una masharti: mchana piga utakavyo, usiku taa zake zina haki za mbunifu.

Nadhani hapo ndipo jahazi la Zanzibar lilipopatia umaarufu wake wa kuchosha. Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani ni picha bora mara kumi, lakini nani atamfuata kila mmoja na karatasi ya kusaini, na mzazi wake pia akiwa bado mtoto? Jahazi likielea mbele ya jua la magharibi halina sura ya mtu. Wanaotweka tanga wamegeuka vivuli vyeusi, na vivuli havidai saini.

Kilimanjaro ndiyo inaniuma zaidi. Mlima uko Tanzania, lakini picha inayouzika, ya tembo wakipita nyikani na theluji juu yao, hupigwa Amboseli, Kenya. Mpiga picha wa Moshi anayeitaka hana budi kuvuka mpaka, Tarakea au Namanga. Akirudi, ningemshauri aandike majina ya pande zote mbili kwenye maelezo, hata jina la kinamasi wanakokunywa maji wale tembo. Mnunuzi wa Berlin anayetafuta "Afrika" ataipata vilevile, na bei haitapungua.