Vumbi la Sonara: Ni Mali ya Nani, na Taka Zake Ziende Wapi?



Tuchukue mfano. Mama anapeleka kwa sonara bangili zake za karati 22 zilizovunjika, ziyeyushwe zifanywe mkufu wa bint yake anayeolewa. Zinapimwa mbele yake: gramu 40. Mkufu unapotoka unapimwa gramu 38, naye anaambiwa: “Mama, hizo mbili zimeliwa na kazi.” Je, zimekwenda wapi?

Dhahabu haiungui ikawa moshi. Kidogo huenda kilikuwa ni uchafu wa bangili, lakini iliyobaki imo humo humo dukani, imegeuka vumbi.

Vumbi hilo hukusanywa vipi?

Kila tupa inapopita juu ya mkufu huacha unga. Unga mwingine hubaki kwenye msasa, kwenye kitambaa cha kung’arishia, ndani ya chungu cha kuyeyushia, sakafuni, na hata katika maji ya kunawia mikono. Ndiyo maana karakana za vito vya thamani, za Ulaya na kwengineko, huning’iniza ngozi chini ya meza ya fundi ili idake unga, na maji ya kunawia hupitishwa kwenye matangi yatuame kwanza. Takataka zote hizo huchomwa zikawa majivu, zikasagwa, zikachekechwa, kisha zikayeyushwa na kusafishwa mpaka dhahabu ikatoka. Takriban robo ya dhahabu inayoingia sokoni duniani kila mwaka ni dhahabu iliyorejelewa, nyingi yake ikiwa ni vito vya zamani.

Ni mali ya nani?

Asili ni kwamba dhahabu ya mteja ni amana mkononi mwa sonara, na unga wake ni sehemu ya amana hiyo. Hauwi halali kwa sonara ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Ikiwa wamekubaliana mapema kiasi cha upungufu, au ipo desturi inayojulikana na pande zote mbili, basi hapana tatizo, kwani desturi inayojulikana huchukuliwa kama sharti. Lakini kupunguza gramu kimya kimya kwa kutegemea kuwa mama hajui kupima, hiyo ni khiyana.

Ama unga uliochanganyika wa wateja wengi wasiojulikana tena, hukumu yake ni ya mali iliyopotelewa na wenyewe: hutolewa sadaka kwa niaba yao, au hutumika katika maslahi ya Waislamu.

Je, yafaa kuuza vumbi lenyewe?

Wapo wanaopita madukani kununua mafagio ya sonara kwa kukadiria. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, haifai kuuza vumbi la masonara kabla ya kusafishwa, kwa sababu kinachokusudiwa ni dhahabu iliyomo, na kiasi chake hakijulikani. Likibadilishwa kwa dhahabu, inaongezeka hatari ya riba.

Amepokea Muslim kuwa Swahaba Fadhaalah bin ‘Ubayd alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12. Alipomweleza Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), akamfahamisha kuwa kitu kama hicho hakiuzwi mpaka kitenganishwe.

Njia iliyo salama: sonara amlipe msafishaji ujira wa fedha unaojulikana tangu mwanzo, kisha auze dhahabu safi kwa uzito na karati yake, mkono kwa mkono. Na dhahabu iliyo yake aiingize katika hesabu ya Zaka ya biashara.

Na taka zinazobaki?

Hapa ndipo jirani anapoingia. Kusafisha dhahabu hutumia mchanganyiko wa asidi ya naitriki na haidrokloriki. Moshi wake wa rangi ya kahawia huunguza mapafu, na maji yanayobaki hubeba shaba inayoua viumbe vya baharini. Sayanaidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua mtu. Na wanaoosha vumbi kwa zebaki kisha wakaichoma, mvuke wake hauonekani wala haunuki.

Sisi kitoweo chetu ni samaki, basi tuzingatie yaliyotokea Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki kwenye ghuba, samaki wakaibeba, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Hata watoto walizaliwa wakiwa wamedhurika. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, umepewa jina la mji huo.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amekataza kudhuru na kudhuriana. Kwa hiyo haimfalii sonara kumwaga asidi mferejini au pwani, wala kuchoma zebaki uani penye watoto na wajawazito. Viwanda vikubwa huua kwanza ukali wa asidi, huacha madini yatuame, kisha huchuja maji. Asiye na vifaa hivyo akusanye vumbi lake na alipeleke kwa mwenye navyo.

Nawe mama, omba dhahabu yako ipimwe mbele yako, iandikwe uzito na karati, na uulize upungufu ni kiasi gani kabla ya moto kuwashwa. Huko si kumdhania mtu vibaya, ni kuhifadhi haki ya kila mmoja.

Na Allaah Anajua zaidi.